Kadi iliyoonyesha nyuzi 71: uchambuzi wa kisa cha memori iliyokuwa ikiungua kimya

Kisa hiki ni cha mashine moja na kadi moja ya grafiki. Mwenye mashine ameridhia kiandikwe. Jina lake, chapa ya kadi, muuzaji na kituo cha matengenezo nimeviacha nje. Vipimo vyote vimetoka kwenye daftari letu la kazi, pamoja na vile vinavyotuaibisha.

## Usuli

Mwenye mashine hutengeneza katuni za pande tatu. Mchana huchora na kupanga mwanga, jioni huwasha foleni ya fremu, yaani picha moja moja za katuni, na usiku kucha kadi hurenda, yaani huzikokotoa hadi ziwe picha kamili. Kwa hiyo kadi hii haikuishi maisha ya kadi ya mcheza gemu, ambayo moto wake hupanda na kushuka kila dakika. Hii ilibanwa kwa asilimia mia, kwa muda wa saa nane au tisa mfululizo, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya miaka miwili.

Ilikuwa kadi ya daraja la juu katika kizazi chake: wati 350, gigabaiti 24 za memori ya GDDR6X, feni tatu, na hitisinki (chuma cha kutolea joto) nene inayokalia nafasi tatu. Ilinunuliwa mpya. Ilipotufikia ilikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane, na waranti yake ilikuwa ya miaka mitatu.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo msomaji alishike mapema. Gigabaiti hizo 24 zilikuwa zimegawanywa katika chipu 24 za gigabaiti moja moja: 12 upande wa mbele wa ubao, 12 upande wa nyuma, zikipeana migongo. Za mbele zimelaliwa na hitisinki yenyewe, yenye mabomba ya joto, mapezi na feni. Za nyuma zina pedi, yaani vipande laini vya kupitisha joto, kisha bamba la chuma, kisha hewa yoyote itakayobahatika kupita. Tulilijua hilo tangu siku ya kwanza, na bado ilituchukua wiki tatu kulifikiria.

Memori ya GDDR6X nayo ina tabia zake. Hubeba biti mbili kwa mpigo mmoja kwa kutumia viwango vinne vya volti badala ya viwili vilivyozoeleka. Pengo kati ya kiwango kimoja na kingine ni jembamba, kwa hiyo ishara huchafuka kirahisi. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa data njiani: data ikifika na kosa hutumwa tena. Maana yake kwa fundi ni kwamba memori inayokosea haiangushi mashine papo hapo. Kwanza huifanya iwe nzito.

## Malalamiko yalivyofika

"Fundi, inakata katikati ya kazi. Ila joto liko sawa, nimeshaangalia."

Sentensi hiyo ya pili tuliipokea kama ilivyo, na ikatugharimu wiki mbili. Hakuwa anadanganya. Kwenye kona ya skrini yake kulikuwa na kidirisha kidogo cha vipimo, na kidirisha kilisema 71. Kwa kadi ya aina ile, nyuzi 71 chini ya mzigo mzito ni hali njema kabisa.

Dalili zilikuwa hivi. Baada ya saa moja na dakika 40 hivi za kurenda, skrini inakuwa nyeusi na feni za kadi zinanguruma kwa kasi yote, lakini kompyuta yenyewe haijazima: ukiiingilia kwa mtandao kutoka mashine nyingine, inajibu. Logi, yaani kumbukumbu za mfumo, inasema kadi haionekani tena kwenye basi, ile njia ya mawasiliano kati yake na ubao mama. Ukizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Gemu ya saa nzima haikuwa na shida. Jaribio la mzigo la dakika 20 lilipita bila kosa, mara nne.

Dalili nyingine ilikuwepo, ila hatukuiuliza na yeye hakuiona kuwa dalili. Fremu za mwanzo wa usiku zilichukua dakika 4 na sekunde 10. Zile za mwisho kabla ya kuanguka zilichukua karibu dakika 4 na sekunde 50. Alidhani ni fremu nzito zaidi. Hazikuwa nzito, ilikuwa mandhari ileile, kamera inazunguka tu.

## Wiki ya kwanza: tulishuku umeme

Mshukiwa wa kwanza alikuwa pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme, na hata leo sioni kama tulikosea kuanzia hapo. Kadi ya wati 350 kwa milisekunde chache inaweza kuvuta zaidi sana ya kile kilichoandikwa kwenye boksi, na pawa saplai yenye ulinzi mkali hushtuka. Yake ilikuwa ya wati 750. Kibaya zaidi, soketi mbili za pini 8 za kadi zilikuwa zinalishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Piga hesabu: wati 350 ukiondoa 75 ambazo nafasi ya ubao mama inaweza kutoa, zinabaki wati 275, yaani karibu ampea 23 kwenye volti 12. Ndani ya waya huo mna nyaya ndogo tatu za volti 12, hivyo kila moja inabeba ampea zaidi ya 7 usiku kucha. Waya haukuwa umeyeyuka, lakini plastiki ya kichwa kimoja ilianza kugeuka rangi.

Tukaweka pawa saplai ya wati 1,000 na waya mbili tofauti. Siku hiyohiyo, kwa haraka ya kumridhisha mteja, tukafuta draiva, programu inayoiendesha kadi, na kuiweka upya.

Usiku ule mashine ikaenda saa tatu bila kukata, kisha kazi ikaisha yenyewe. Tulipongezana. Usiku uliofuata ikakata kwa saa moja na dakika 35. Sasa tulikuwa tumebadilisha vitu viwili kwa mkupuo, tuna usiku mmoja mzuri na mmoja mbaya, na hatuna la kusema kuhusu chochote. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba usiku ule mzuri mwenye mashine alikuwa ameacha dirisha wazi.

## Wiki ya pili: tulipunguza moto, ikaanguka mapema

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Mwenzangu alipendekeza tushushe kikomo cha nguvu hadi asilimia 75, yaani wati 262 hivi. Hoja yake ilikuwa nzuri: kama ni mishtuko ya umeme itapungua, na kama ni joto litapungua. Jaribio moja, washukiwa wawili. Joto la chipu kuu, ile inayofanya hesabu za picha, likashuka kutoka 71 hadi 63. Chumba kikawa kimya. Kadi ikakata kwa saa moja na dakika 10.

Yaani tumeipunguzia kazi, tumeipoza, na imekufa nusu saa mapema kuliko kawaida.

Tulirudia usiku wa pili tukidhani ni bahati mbaya. Dakika 65. Hapo tukaacha kubahatisha na kuanza kuandika kila kitu kila sekunde: nguvu, kasi ya chipu, mizunguko ya feni, na vipimo vyote vya joto ambavyo kadi iko tayari kuvitoa, si kile kimoja cha kidirishani. Kadi hii ilikuwa na vitatu: joto la wastani la chipu kuu, joto la sehemu yake kali zaidi, na joto la memori. Programu ya kwanza aliyokuwa akitumia mteja haikuonyesha hicho cha tatu kabisa.

Chipu kuu: 63. Sehemu yake kali zaidi: 75. Memori: 110.

Nyuzi 110 ndicho kiwango ambacho kadi za memori hii huanza kujipunguza kasi ili kujiokoa. Na mstari wa grafu haukuwa unapita hapo na kurudi. Ulikuwa umelala juu ya 110 kama mjusi kwenye dari, kwa dakika 20 nzima, mpaka kadi ilipokata.

Kitendawili cha kuanguka mapema kikajifungua chenyewe tulipotazama safu ya feni. Kwa wati 350 feni zilikuwa zikizunguka mara 1,900 kwa dakika. Kwa wati 262 zilishuka hadi 1,400. Feni hizi zilipokea amri kutoka joto la chipu kuu peke yake. Kikomo cha nguvu kilipopungua, aliyepumzika ni chipu kuu. Memori iliendelea kuvuta karibu kilekile, kwa kasi ileile. Chipu kuu ikasema "mimi niko vizuri," feni zikatulia, na memori zikanyimwa hata ule upepo mdogo waliokuwa wakigawana. Tulikuwa tumeipoza sehemu isiyoumwa na kuipasha moto sehemu iliyokuwa inaumwa.

## Wiki ya tatu: moto uko wapi hasa?

Kujua kwamba memori inaungua hakukutuambia ni kwa nini. Safari hii tulijiwekea sharti: kitu kimoja kwa wakati, saa mbili kila jaribio, kikomo cha nguvu kimerudi asilimia mia.

Tulifungua ubavu wa kasha. Memori ilishuka nyuzi 3 tu, kutoka 110 hadi 107. Kwa hiyo kasha halikuwa mkosaji mkuu, ingawa halikuwa malaika pia. Hewa ya mita 100 za ujazo kwa saa ikibeba wati 350 hupanda joto kwa nyuzi kama 10, na hapo hujaongeza wati za kichakataji. Hewa hiyo iliyopashwa ndiyo inayozunguka juu ya bamba la nyuma.

Tuliilaza mashine ubavu. Jaribio hili linaonekana la kichekesho, lakini lina sababu. Mwishoni mwa 2022 wenye baadhi ya kadi za grafiki za Radeon RX 7900 XTX za muundo wa kampuni ya AMD yenyewe walianza kuona sehemu kali ya chipu ikifika 110 huku wastani ukiwa wa kawaida, na ikagundulika kwamba namna kadi ilivyolazwa ilibadilisha joto. Januari 2023 AMD wakakiri kwamba baadhi ya chemba za mvuke zilitoka na maji pungufu. Chemba ya mvuke na mabomba ya joto hutegemea maji yanayochemka upande mmoja, yanageuka mvuke, yanapoa upande mwingine na kurudi. Maji yakipungua, mvutano wa dunia unaanza kuamua yarudi au yasirudi. Jaribio la kulaza kasha ni la bure na linachukua dakika moja. Kwenye kadi yetu halikubadilisha kitu, hata nyuzi moja. Mabomba yake yalikuwa mazima.

Tulibana feni kwenye asilimia 80. Memori ikatua kwenye 99, na foleni nzima ya usiku ikapita. Kelele ilikuwa kama ya kikaushio cha nywele, lakini mteja alipata kazi yake wakati sisi tunaendelea kutafuta.

Mwisho tulirudisha feni kwenye utaratibu wao wa kawaida, ubavu wa kasha ukiwa wazi, na kuelekeza feni ndogo ya mezani kwenye bamba la nyuma. Memori ikashuka kutoka 107 hadi 97. Upepo kwenye bamba peke yake umeshusha nyuzi 10. Zile chipu 12 za nyuma zilikuwa zimeshatajwa kwa jina.

## Waranti, na meza iliyo wazi

Kabla ya kufungua skrubu hata moja tulimshauri aitume kadi kwa waranti, maana ilibaki miezi mitatu. Tuliambatisha grafu zetu na maelezo: ijaribiwe ndani ya kasha, si chini ya saa mbili, na memori iangaliwe.

Ilirudi baada ya siku 16 na karatasi moja. Jaribio la dakika 30, kwenye meza ya wazi, hakuna hitilafu. Sikuwalaumu kwa hasira ambayo mteja aliitegemea. Kwenye meza ya wazi bamba la nyuma linapumua, na nusu saa haitoshi kulijaza joto. Wangeweza kurudia jaribio lile mara 100 na kupata jibu lilelile. Lakini zile grafu hakuna aliyezisoma, na hilo ndilo lililoniuma.

Uamuzi wa kufungua tulimwachia mwenye mashine. Tulimweleza waziwazi: tukiifungua, madai yoyote ya waranti huenda yakaishia hapo, tusipoifungua, ataishi na feni za asilimia 80 na memori ya karibu 100 kila usiku. Alichukua siku mbili akasema, "Fungueni, nimechoka kulala na kelele hii." Tukamwandikisha.

## Kilichokuwa ndani

Pedi za nyuma zilikuwa zimekauka na kuvuja mafuta ya silikoni, ubao umeloa kwa utandu unaong'aa. Hilo tulilitarajia kwa umri ule. Ambacho hatukutarajia ni alama. Pedi iliyobanwa vizuri hubaki na mchapo wa chipu nzima, mraba kamili. Pedi 10 kati ya 12 zilikuwa nao. Mbili za karibu na soketi za umeme zilikuwa na mchapo wa kona moja tu. Bamba lilikuwa limepinda kidogo pale, kiasi cha kuona mwanga ukiweka rula.

Pengo kama hilo haliwezi kudharauliwa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.026 kwa mita kwa nyuzi. Pedi ya kawaida, wati 6 hivi. Kwa hesabu hiyo pengo la hewa la sehemu mbili za kumi za milimita linazuia joto mara 30 hivi kuliko pedi nzima ya milimita 1.5. Chipu zile mbili zilikuwa zimevaa koti.

Pesti ya joto, ule mpako unaopitisha joto kutoka chipu kuu hadi hitisinki, nayo ilikuwa imeanza kusukumwa nje kwenye kingo. Hili huzipata chipu kubwa zisizo na kifuniko: kila zikipata moto na kupoa hujikunja kidogo na kujinyoosha, na pesti nyepesi hukamuliwa kidogo kidogo kutoka katikati. Tofauti ya nyuzi 12 au 13 kati ya wastani na sehemu kali ilikuwa bado ya kuvumilika. Lakini tukishafungua, inabadilishwa tu.

## Kosa letu la nusu milimita

Tulipima pedi za zamani za mbele kwa kalipa: milimita 1.3. Tukafikiri, hizi zimebanwa kwa miaka, basi zilikuwa 1.5 au 2. Dukani zilikuwepo za milimita 2, zenye kiwango kikubwa cha kupitisha joto kwenye kifungashio, na tukazichukua. Kiwango kile kilitupendeza. Hatukuzibonyeza kwa kidole kuona ugumu wake.

Tulifunga, tukawasha. Memori: 84, namba nzuri kuliko zote tulizowahi kuona. Mwenzangu alishaanza kutabasamu. Chipu kuu 74, na sehemu kali, 104. Tofauti imeruka kutoka 12 hadi 30. Tukazima baada ya dakika 6.

Pedi ngumu na nene zilikuwa zimeiinua hitisinki kama meza iliyowekewa matofali chini ya miguu. Memori ziliigusa vizuri sana. Chipu kuu ikabaki inaning'inia upande mmoja juu ya ukoko mnene wa pesti. Tulipofungua tena mchapo ulisema yote: upande mmoja pesti nyembamba karibu kuonekana chuma, upande wa pili nene kama siagi.

Raundi ya pili tuliachana na pedi kwa upande wa memori, mbele na nyuma, tukatumia puti ya joto, laini kama udongo wa kufinyanga. Puti hujijaza kwenye nafasi iliyopo, iwe milimita moja au mbili, na haisukumi hitisinki. Ubaya wake ni uchafu, na anayekuja kufungua baadaye atakulaani. Kwa chipu kuu tuliweka karatasi ya kubadili hali, ile inayokuwa imara ikiwa baridi na kulainika karibu na nyuzi 45. Haikamuliwi nje kirahisi kama pesti, na kwa kazi ya kila usiku hilo lilikuwa na uzito kuliko nyuzi moja au mbili ambazo pesti bora ingetupa siku ya kwanza. Bamba lililopinda tulilinyoosha kwa mkono, polepole, likiwa limetolewa kwenye kadi. Mwisho tukabandika hitisinki ndogo za alumini nje ya bamba na kufunga feni moja ya kasha ikielekea hapo.

## Matokeo

Baada ya saa 12 za kurenda, ubavu wa kasha umefungwa, feni zikiwa kwenye utaratibu wa kawaida na kikomo cha nguvu asilimia mia: chipu kuu 68, sehemu kali 79, memori 88. Tulijaribu bila ile feni ya bamba ili kujua mchango wake: memori 94. Fremu ya kwanza na fremu ya mwisho ya usiku zilitofautiana kwa sekunde mbili.

Miezi saba baadaye memori ilikuwa kwenye 90 na tofauti ya chipu kuu haijasogea.

Lakini kadi haikurudi upya. Mwezi wa tano foleni moja ilikata. Jaribio la memori la usiku mzima lilitoa makosa machache, yote yakirudi kwenye anwani za chipu moja, na ukilinganisha na ramani ya ubao ni mojawapo ya zile mbili zilizovaa koti. Tulishusha kasi ya memori kidogo, makosa yakaisha, na kurenda kukawa kuzito kwa asilimia 3 hivi. Kubadilisha chipu yenyewe kunahitaji mashine ya kuyeyushia lehemu ambayo sisi hatuna, na mteja aliona asilimia 3 si kitu cha kuhatarishia kadi nzima.

## Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la pedi. Lilikuwa la kukubali namba ya mteja bila kuuliza ni namba ya kitu gani. Neno "joto la kadi" halina maana kwenye kadi za daraja hili. Kuna joto la wastani la chipu, kuna la sehemu yake kali, kuna la memori, na kuna vipande visivyo na kihisi kabisa, kama koili na vidhibiti vya umeme, ambavyo vinapikwa bila kumwambia mtu. Kidirisha kinachoonyesha namba moja kimechagua kwa niaba yako, na kwa kawaida kinachagua ile iliyo ya starehe zaidi. Siku hizi swali letu la kwanza kwa anayesema joto liko sawa ni, "Lipi?"

Jaribio la kushusha nguvu lilitusaidia kwa sababu lilishindwa. Lingepunguza tatizo kidogo, tungelisifu na kumrudishia mteja kadi inayoungua taratibu. Nadhani kuna kadi nyingi huko nje zilizopewa dawa hiyo, na wenyewe wanafurahia ukimya wa feni. Kushusha nguvu ni jambo jema, lakini lishuke pamoja na kupanga upya kasi ya feni, na mtu aangalie memori, si chipu kuu, baada ya saa mbili.

Muda wa jaribio ulituponza sisi na kituo cha waranti kwa namna moja. Chipu kuu hufika joto lake ndani ya dakika chache, kwa hiyo dakika 20 zinatosha kuipima. Bamba la chuma, ubao wenyewe na hewa ya kasha huchukua muda mrefu zaidi. Hitilafu inayotokea kwa dakika ya 100 haiwezi kukamatwa na jaribio la dakika 30, hata lirudiwe mara ngapi.

Kuhusu kubadilisha pawa saplai na draiva siku moja, sina la kujitetea. Ule waya wenye vichwa viwili ulistahili kuondolewa kwa vyovyote. Ila tulipoteza siku nne kwa kutojua usiku mzuri ulitokana na nini, na jibu lilikuwa dirisha.

Na kosa la nusu milimita: tulinunua kiwango cha kupitisha joto, tukasahau kwamba hitisinki moja inakalia vitu vyenye urefu tofauti. Unene na ulaini wa pedi za memori ndio unaoamua kama chipu kuu itaguswa. Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tunatazama namba zote tatu kwa pamoja. Kwa kidirisha cha zamani tungeona 74 na kumkabidhi kadi yake.

Nitaje pia ushauri ambao mteja aliletewa na rafiki katikati ya haya yote, kwamba kadi ichomwe kwenye oveni. Ushauri huo ulienea enzi za kadi zenye hitilafu ya viunganishi vya chini ya chipu, na hata kwa hizo, kadi iliyofufuka kwenye oveni kwa kawaida ilikufa tena. Kwa kadi ambayo ugonjwa wake ni joto, inayoamka vizuri kila asubuhi, sijui hata nianzie wapi.

## Hali ya sasa

Kadi bado inarenda kila usiku. Ndani ya kasha, kwenye bamba la nyuma kando ya hitisinki ndogo, tumebandika kikaratasi: tarehe ya kufunguliwa, puti kwenye memori zote na karatasi ya kubadili hali kwenye chipu kuu, kasi mpya ya memori na sababu yake, na namba tatu za joto za usiku wa kwanza. Mwenye mashine ameongeza mstari wake chini kwa kalamu: "Usiguse feni ya juu."